Besi, Kayaki ya Pedeli na Maneno ya Watu: Usiyoambiwa Kabla Hujaingia Majini

Tuelewane mapema ili tusipotezeane muda. Besi ninayemzungumzia hapa siyo lile besi la spika linalotikisa vioo vya daladala. Ni samaki. Ana mdomo mpana kama geti la gereji, rangi ya kijani iliyochujuka, mkali balaa, na huku Marekani kuna watu wanamheshimu kuliko bosi wao. Na kayaki ninayoisema siyo ile ya kwenye filamu, mtu anapiga kafi kushoto kulia huku anaporomoka na maji ya mlimani. Hii unaiendesha kwa miguu, kama baiskeli, mikono iko huru kurusha ndoano.

Naishi karibu na Dallas, Texas, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Wanaoijua zamu ya usiku hawahitaji maelezo. Unatoka wenzio ndio wanaingia, unaamka wenzio wanalala. Siku ya mapumziko unashinda kitandani na simu, unaangalia harusi za watu usiowajua. Mwili umelala, kichwa hakijalala. Mwaka juzi nilifika mahali nikawa nalia kwenye gari kabla ya kuingia kazini, bila sababu ninayoweza kukutajia.

Aliyenitoa huko ni dada mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi. Ana Kiswahili chake cha Lubumbashi ambacho nusu naelewa, nusu nacheka. Siku moja akaniambia, "Dada, wewe uje na mimi ku maji." Nikaenda. Nikakaa nyuma ya pikapu yake ufukweni, nikamwangalia anavyozunguka taratibu kati ya miti iliyokufa ndani ya ziwa, kimya, hana haraka na mtu. Nikajisemea, na mimi nataka hii.

Mtoto wa Mwanza asiyejua kuvua

Nimekulia Mwanza. Shangazi yangu anauza dagaa pale mwaloni Kirumba tangu sijazaliwa. Samaki nawajua kwa harufu, kwa bei na kwa jicho: sangara aliyelala nakuonesha kwa mbali. Lakini kuingia ziwani kuvua? Hiyo kwetu ni kazi ya wanaume. Mwanamke anasubiri mwaloni na ndoo, anabishana bei, anakausha, anakaanga. Hakuna aliyenikataza kwa maneno. Ni kitu ambacho hata hakikuwahi kuulizwa.

Halafu kuna hofu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, hatua chache tu kutoka gatini. Kila familia ya kanda ile ina mtu inayemjua. Mama yangu tangu siku ile akisikia neno "maji" kwenye sentensi yenye jina langu, anakaa chini kwanza. Kwa hiyo niliponunua kayaki, kazi ngumu ilikuwa kumwambia mama. Kumpata samaki ilikuwa rahisi kuliko hiyo.

Watu wanajenga, wewe unanunua mtumbwi

Hayo ni maneno ya dada mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku. Zikafuata sura za kucheka kama thelathini. Mwingine akaongeza, "Tulidhani ulikuja kutafuta maisha, kumbe ulikuja kutafuta sato."

Sawa, tuongee hela. Kayaki ya pedeli ya kuvulia ikiwa mpya inaanzia kama dola 1,500, na zile za kujinafasi zinavuka 4,000. Ya kwangu nilinunua kwa mtu, imetumika misimu miwili, dola 950. Niliilimbikizia miezi saba bila kugusa hela ya nyumbani ninayotuma kila mwezi. Simu ambayo nusu ya waliocheka wanaishika ni ghali kuliko kayaki yangu. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu tumezoea kwamba hela ya kujionesha ni halali na hela ya kujitibu roho ni ufujaji.

Ukinunua ya mkononi, igeuze juu chini. Angalia nyufa, hasa pale pedeli zinapoingilia na nyuma inapoburuzwa. Mwili wake ni plastiki yenye uwazi ndani, na ile hewa ndiyo inayokuelesha, kwa hiyo ufa si jambo la "nitaziba baadaye". Zungusha pedeli kwa mkono: kama zinacheza au zinasaga, punguziwa bei au ondoka.

Mapezi au propela?

Hapa ndipo wanaoanza wanapochanganyikiwa. Mifumo ni miwili mikubwa.

Wa kwanza ni wa mapezi. Kampuni ya Hobie ndiyo iliyouleta mwaka 1997. Unasukuma pedeli mbele kwa zamu, kama ngazi za mazoezi, na chini kuna mapezi mawili yanayopiga kushoto na kulia kama ya pengwini. Uzuri wake ni kwamba ukifika kwenye maji mafupi au majani, unayakunja yanalala chini ya kayaki, unapita. Ubaya ni kwamba zile za zamani hazirudi nyuma. Matoleo ya baadaye yanarudi.

Wa pili ni wa propela. Unazungusha kama baiskeli kabisa, na ukizungusha kinyumenyume unarudi nyuma papo hapo. Kwa mvuvi wa besi hii ni dhahabu, kwa sababu samaki akishakamata anakimbilia kwenye miti, na wewe unatakiwa umvute kutoka huko. Ubaya ni kwamba propela inaning'inia chini, ikikutana na majani inajisokota kama nywele kwenye feni. Itabidi uipandishe juu uisafishe.

Mimi natumia propela. Dada yangu Mkongo yuko kwenye mapezi. Tunabishana kila wiki na hakuna aliyeshinda.

Mfumo wowote utakaochukua, jua vitu viwili. Usukani uko mkononi, kijishikio kidogo pembeni ya kiti, kwa hiyo miguu inaenda na kidole kinaelekeza. Na hizi kayaki ni nzito. Nyingi zinacheza kati ya kilo 36 na 55, na hapo hujaweka kiti wala vifaa. Nunua vigurudumu vya kuivutia hadi majini, la sivyo utavua mgongo.

Siku ya kwanza acha fimbo nyumbani

Natania kwenye mengi ila siyo hapa.

Jaketi okozi unalivaa. Hulikalii, huliweki nyuma ya kiti. Sheria ya Texas inataka kila mtu awe na lake chomboni, na watoto chini ya miaka 13 walivae wakati wote chombo kikiwa kinaenda. Mimi nasema na wewe mtu mzima ujihesabu mtoto. Jamaa mmoja tunayemfahamu alipinduka mwezi wa pili, jua linawaka vizuri tu juu, chini maji ni barafu. Maji ya baridi yanakukata pumzi ghafla, unavuta hewa bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji umekwisha. Alikuwa anajua kuogelea vizuri sana. Kilichomwokoa ni jaketi.

Siku ya kwanza nenda na mtu, kwenye maji ya kifuani, wakati wa joto, na ujiangushe makusudi. Kisha jifunze kupanda tena: unalala kifudifudi kukatisha kayaki, unapiga miguu, unajivuta, unageuka, unakaa. Nilirudia mara tisa. Watu ufukweni walinishangaa. Washangae tu.

Mengine kwa haraka. Beba kafi hata kama una pedeli, kwa sababu chuma huharibika. Beba filimbi. Weka kibendera kirefu nyuma, maana wenye boti za injini wanakimbia na wewe uko chini usawa wa macho yao. Anza safari kwa kwenda dhidi ya upepo, ili ukichoka upepo ndio ukurudishe. Na mwambie mtu unaingilia wapi na unatoka saa ngapi. Mimi namtumia mama. Nitarudi kwake.

Leseni ya kuvua ni lazima. Kayaki ya kawaida huku Texas haisajiliwi, ila siku ukiifunga mota, hata ya umeme, imekuwa chombo cha kusajiliwa.

Besi anakaa wapi?

Besi ni mvizia njia. Hapendi kukimbizana, anapenda kujificha kwenye majani, chini ya magogo, chini ya gati, halafu anachomoka. Maziwa karibu yote ya Texas ni mabwawa yaliyotengenezwa na watu, ndiyo maana mengi yana misitu iliyozama. Lake Fork, mwendo wa kama saa moja na nusu mashariki ya Dallas, ndiko alikotoka besi anayeshikilia rekodi ya jimbo tangu 1992, mwenye ratili 18.18, zaidi ya kilo 8. Ila wewe unayeanza achana na maziwa makubwa. Tafuta bwawa dogo lenye boti chache.

Chambo changu cha kuanzia ni mnyoo wa plastiki. Unauvika kwenye ndoano kiasi kwamba ncha inajificha ndani ya mnyoo, mbele kuna chubwi kadogo kenye umbo la risasi. Mtindo huu unaitwa wa Texas dunia nzima, na uzuri wake ni kwamba unapita katikati ya matawi bila kunasa. Unarusha, unaacha uzame, unauvuta kidogo, unaacha. Ukisikia "tak tak" kwenye mshipi, kaza uvute.

Majira ya kuchipua ndiyo wanaosogea maji mafupi kutaga. Na hapa dada zangu sikilizeni: dume ndiye anayechimba kiota na ndiye anayelinda mayai na watoto. Jike akishataga anaenda zake. Sina la kuongeza.

"Umemshika halafu umemrudisha?"

Besi wangu wa kwanza alikuwa na inchi 16. Nikampima, nikampiga picha, nikamwachia. Nikamtumia shangazi picha kwa furaha zote. Akapiga simu hapo hapo. Nikamwamkia, hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Yuko wapi huyo samaki?"

"Nimemrudisha, shangazi."

Kimya. "Umemrudisha kwa nani?"

Nikamweleza kwamba huku wengi wanavua kwa kupenda. Kwamba kwenye maziwa mengi ya Texas unaruhusiwa kuondoka na watano kwa siku, wasiopungua inchi 14, lakini watu wanawaachia ili wakue. Kwamba kuna hata mashindano ya kayaki ambapo mshindi anapatikana kwa urefu wa samaki kwenye picha, akiwa amelazwa juu ya ubao wa kupimia, halafu anarudi majini mzima. Shangazi akasikiliza yote. Mwisho akasema, "Mwanangu, hao watu hawajawahi kulala njaa."

Nililifikiria hilo neno wiki nzima. Ni kweli. Ninachokifanya ni anasa, na wanaume wanaomletea shangazi dagaa wanaingia ziwani usiku na taa, wengi hawana jaketi lolote, kwa sababu bei ya jaketi ni bei ya mafuta ya injini. Sitaki kujifanya tunafanya kitu kimoja. Siku hizi mara moja moja naondoka na wawili, naweka limao na pilipili, nawakaanga, namtumia picha ya sahani. Hapo anaitikia salamu.

Walioko nyumbani je?

Najua mtauliza. Besi hao hao wapo Naivasha, Kenya, walipandikizwa miaka ya 1920 wakitokea Marekani. Ila Naivasha kuna viboko, na kiboko hajui kwamba wewe uko kwenye mapumziko. Pale tafuta boti kubwa na mwenyeji anayejua wanyama wako wapi. Kayaki ya pedeli peke yako usijaribu.

Kuhusu mama

Nilimwambia kwa video, nikiwa nimeshavaa kila kitu. Sikumdanganya kwamba ni bwawa la kuogelea. Aliangalia muda mrefu, akaniambia nisimame nigeuke, kama vile ananikagua sare ya shule. Akasema, "Hicho kifuani kinaelea kweli?" Nikasema kinaelea. "Umejaribu?" Nikasema mara tisa.

Hakusema sawa, na mpaka leo hajasema. Ila kila Jumamosi ananitumia ujumbe mmoja: "Umetoka majini?" Hata ikiwa kwao ni saa tisa usiku. Najibu, ndipo analala. Na mimi, mtu niliyekuwa nalia kwenye gari, miezi mingi sasa sijalia. Nimeanza pia kuweka dola 20 kila mwezi pembeni. Jaketi mbili za kwanza zimeshafika Kirumba, kwa vijana wanaomletea shangazi mzigo. Anasema mmoja analivaa, mwingine amelifanya mto. Nimemwambia amkazanie.

Kwa hiyo walionicheka kwenye kundi, nawapenda, nafasi ipo. Na wewe unayesoma hapa, kitu gani unakitamani lakini unaogopa watu watasema "watu wanajenga"? Tupia hapo chini. Wa maswali ya kayaki pia karibuni, nitajibu nikiamka, zamu ni ile ile.