Ving'amuzi Viwili na Amana Moja

Jirani yetu mmoja wa Mtaa wa Sikukuu alitushika mkono juzi baada ya sala ya Isha, akatuuliza: "Mzee mwenzangu, nimeazimia kununua televisheni ya dishi. Wewe umekwisha kuyapitia haya. Nambie, ninunue king'amuzi cha kampuni gani?" Tukamjibu kwamba jawabu la swali lake ni refu, na kwamba aje barazani kesho yake tupate kumweleza kwa utulivu. Akaja, tukamweleza. Na kwa kuwa twajua ya kuwa nyumba nyingi za wasomaji wetu zimo katika shauri kama hilo, tumeona yafaa tuyaandike hapa yale tuliyomwambia, pamoja na moja ambalo tungependa zaidi kulificha.

Apandaye leo juu ya ghorofa yoyote ya Kariakoo na kutazama pande zote, ataona madishi yamejaa juu ya mapaa na kwenye kuta kama sinia zilizoanikwa baada ya karamu. Wazee wetu walioishi katika mitaa hii, zamani za nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na uwa nyuma, hawakuyajua haya. Wao walikuwa na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, mwenye redio aliitoa barazani, na majirani wakaja kusikiliza bila ya kuulizwa senti. Zanzibar walipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara hatukuipata hata mwaka 1994. Ilipokuja, ilitosha mtu kununua seti na antena. Na asiye na antena alifunga vyuma juu ya mti, akageuza-geuza hata sura za watu zikaonekana. Hayo yalikoma usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa katika Dar es Salaam, na ikawa hapana budi kila nyumba iwe na king'amuzi. Tangu siku ile, mwenye nyumba alazimika kwanza kuchagua kampuni, kisha ndipo atazame.

Fundi aliyetufungia dishi letu alitufahamisha jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Setilaiti zitumikazo zimewekwa juu ya mstari wa Ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, nazo huzunguka sawasawa na mzunguko wa dunia, hata zikawa kana kwamba zimesimama mahali pamoja. Kila kampuni ina mahali pake. DStv hutumia setilaiti iliyo kwenye digrii 36 mashariki, nasi Dar es Salaam tuko karibu na digrii 39, kwa hiyo iko kama utosini mwetu. Azam hutumia iliyo kwenye digrii 7, na StarTimes ya dishi iko kwenye digrii 5. Hizo mbili ziko mbali upande wetu wa magharibi. Ndiyo maana katika paa moja dishi hili limeinua uso mbinguni na lile limeinamia machweo. Mtu akitaka kuhama kampuni hana budi amwite fundi tena, na king'amuzi alichokinunua kwa huyu hakimfai kwa yule. Basi asidhani kwamba anunua kitu cha mwezi mmoja.

Tena alitwambia kuhusu mvua. Matone ya mvua kubwa huyanyonya mawimbi yanayotoka juu, na wakati wa masika dishi la kampuni yoyote huweza kukatika kwa muda. Muuzaji akikuapia kwamba lake halikatiki hata kwa gharika, mshukuru, kisha uende duka la pili.

Ama kuhusu kampuni zenyewe, tutasema yaliyo dhahiri kwa watu wote. DStv ni ya MultiChoice ya Afrika Kusini. Ilianza mwaka 1995, na mwaka 2025 MultiChoice iliingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Nguvu yake kwa miaka mingi imekuwa mpira wa Ulaya, hasa ligi ya Uingereza. Azam TV ilianza mwishoni mwa mwaka 2013, nayo ni ya nyumba ya Bakhresa, wale wale wa unga wa ngano na boti za Unguja. Mwaka 2021 iliandikiana na shirikisho la mpira wa nchi yetu mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, kwa shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo ambaye roho yake iko kwa Simba au Yanga hahitaji kuelekezwa na mtu. StarTimes ni ya Wachina, walioingia nchini kwa ubia na TBC. Wao wana king'amuzi cha dishi na cha antena pia, na hiki cha antena hupokea kutoka minara ya hapa hapa ardhini. Humfaa mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa ukuta wala kupanda paani.

Twakumbuka vile vile mwaka 2018, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoziamuru baadhi ya kampuni za dishi ziziondoe stesheni za nchini zitazamwazo bure, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu kuzionyesha. Watu walilala wana taarifa ya habari katika stesheni waliyoizoea, wakaamka hawana. Wengi wakaenda Kariakoo kununua king'amuzi cha pili, nasi tukawa miongoni mwao. Hapo ndipo yalipoanza yetu.

Cha kwanza tulikuwa nacho tayari, tulichokinunua katika duka moja kwa maneno matamu ya muuzaji. Jina lake na la kampuni hatutalitaja, kwa kuwa kosa tutakalolisimulia ni letu. Tulipoongeza cha pili, nyumba ikawa na rimoti mbili na malipo mawili kila mwezi. Hayakuwa malipo makubwa tukiyatazama moja moja, lakini yalikuja pamoja na luku, maji, ada ya chuo cha watoto na nauli zao za shule. Na mara nyingi mwezi ulikwisha tukiwa tumelipia vyote viwili na tumetazama kimoja.

Sasa twalifikia lile tulilotaka kulificha. Mama yetu mzazi akaa nasi. Ana shoga yake waliyekua pamoja tangu utoto, na wawili hao waliahidiana zamani kwamba atakayetangulia kwa Mola wake, mwenziwe atamnunulia sanda kwa mali yake mwenyewe. Mama alikuwa akidunduliza kidogo kidogo katika faida ya visheti na kashata, na zilipotimia shilingi 60,000 alitukabidhi, akasema: "Mwanangu, niwekee. Hizi usizichanganye na zako." Tukazifunga katika bahasha, tukaziweka kabatini.

Ikaja Jumamosi moja ya mchezo mkubwa wa mpira wa Ulaya. Kifurushi chetu kilikuwa kimekwisha, na mshahara bado siku tatu. Vijana wetu walikuwa wamekwisha kuwaalika wenzao, nasi tukaona haya kuwaambia kwamba hatuna. Tukaifungua ile bahasha. Tulijiambia kwamba twakopa tu, na kwamba Jumanne tutazirudisha kabla mtu hajajua. Tukanunua kifurushi kikubwa, na kilichobaki tukanunua soda. Mchezo ukatazamwa, watu wakashangilia mpaka usiku wa manane, wakatawanyika.

Alfajiri ya Jumapili ukabishwa mlango. Yule shoga wa mama yetu alikuwa amefariki usiku ule, na maziko yalikuwa kabla ya Adhuhuri. Mama alikaa kitako kitambo, akalia kimya kimya, kisha akatugeukia na kusema: "Haya, nipe zile fedha zangu nikatimize ahadi yangu."

Wasomaji wetu, hatukuwa na la kusema. Tulimwambia asubiri kidogo, tukatoka. Simu zetu hazikuwa na salio, na ndugu tuliowabishia milango asubuhi ile, mmoja alikuwa safarini na mwingine hakuwa na kitu. Tulizunguka kutoka Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, maduka mengi yakiwa bado yamefungwa, hata tukampata muuza nguo mmoja tunayejuana naye, akatukopesha. Tuliporudi, saa tatu ilikuwa imekwisha kupita. Sanda ilikuwa imekwisha kununuliwa na watoto wa marehemu, na maiti amekwisha kuoshwa. Mama alizipokea zile fedha, akazihesabu, akaona kwamba noti si zile alizotupa. Hakutuuliza neno. Alizifunga katika pindo la kanga yake, akaingia ndani kwa wafiwa.

Kila Mwislamu ajua kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Tulikuwa twaisoma aya hiyo tangu chuoni, na hatukupata kudhani kwamba sisi, watu wa safu ya mbele msikitini, tungeivunja kwa ajili ya kutazama mpira. Twayaandika haya kwa sababu mtu akisikia neno israfu hudhani ni la matajiri wenye magari matatu. Israfu yaweza kuingia katika nyumba ya vyumba viwili, kwa njia ya jambo la halali kabisa, malipo madogo yakifuatana na mengine madogo.

Baada ya siku saba tuliwakusanya watu wote wa nyumbani, tukakiri mbele yao tulilolifanya, kisha tukafanya shauri. Binti yetu wa pili alitoa rai ambayo twaisifu mpaka leo. Alisema: "Baba, tusibishane kampuni gani ni bora. Tuandike kwanza tunatazama nini." Akaweka daftari la shule juu ya meza ya televisheni, na kwa muda wa wiki mbili kila aliyewasha aliandika alichotazama na muda wake. Tulipolisoma daftari, tulistaajabu. Katika stesheni zaidi ya mia tulizokuwa tukizilipia, nyumba nzima ilikuwa ikitazama sita: taarifa ya habari, ligi ya nyumbani, tamthilia moja ya ahali yetu, katuni za wadogo, mawaidha ya asubuhi, na stesheni ya Makka ambayo mama yetu huitazama sala za Msikiti Mtukufu. Michezo ya Ulaya, ambayo kwayo tuliivunja amana, iliandikwa mara mbili tu. Wakubwa kwa wadogo tulinyamaza.

Kwa hiyo tulimjibu jirani yetu hivi. La kwanza, usianze dukani. Anza na daftari. Jua nyumba yako yatazama nini, kisha utafute kampuni ambayo kifurushi chake cha chini kina hayo. La pili, muulize muuzaji, nawe uandike, ni stesheni zipi zitaendelea kuonekana siku kifurushi kitakapokwisha, maana siku hizo zitakuja. La tatu, muulize jirani wa paa lako, si wa mtaa wa mbali, namna picha inavyokatika wakati wa mvua, na fundi achukua siku ngapi kuja akiitwa. La nne, hesabu gharama ya dishi, ya kufunga na ya mwaka mzima, usihesabu ya mwezi wa kwanza peke yake, ambao mara nyingi hutolewa kama zawadi. La tano, kimoja chatosha. Na la sita, malipo yake yawe ya mwisho katika orodha ya nyumba, nyuma ya chakula, kodi, dawa na ada. Zisipobaki fedha mwezi huo, televisheni ipumzike, nanyi mkae barazani.

Sisi tulikiuza kimoja kwa kijana mpangaji, kwa nusu ya bei tuliyonunulia, tukabaki na kile kilicho na zile stesheni sita. Twalipia kifurushi cha chini, na miezi mingine hatulipii. Vijana wetu, ukiwako mchezo mkubwa, huenda kwa mjomba wao Ilala wakatazame huko, nao wamezoea.

Mama yetu yu hai na ana afya, Alhamdulillahi. Bado hutengeneza visheti, na bado hudunduliza. Lakini akiba yake haitupi sisi tena. Humpa yule binti yetu wa daftari. Hajapata kutueleza kwa nini, nasi hatujapata kumwuliza. Jirani yetu aliposikia hayo alikaa kimya, kisha akasema kwamba atakwenda kwanza kununua daftari. Tukamwombea kheri, nasi twajiombea wenyewe pamoja na wasomaji wetu, Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kuaminiwa katika nyumba zetu. Amin.