Mkaa na Mwendeshaji

Hapa kwetu Nanyala, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, baiskeli ni punda wa maskini. Hubebeshwa mkaa na magunia ya mahindi, na mwenyewe huikokota mlimani huku malori yakimpita. Mdogo wangu aliifanya kazi hiyo ujanani, wala hakuwa na mshindani katika milima yetu. Mimi, niliyekwisha kuonja elimu, nilimwambia kuwa miguu haitoi shahada. Akatii, akaiuza baiskeli yake.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za timu ya baiskeli ya Rwanda. Mwaka 2007 Jonathan Boyer, ambaye mwaka 1981 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alianza kuwafundisha vijana wa nchi ile. Abraham Ruhumuriza alikuwa akichukua abiria kwa baiskeli. Gasore Hategeka alikuwa akibeba viazi. Mzigo ndio uliokuwa mwalimu wao wa kwanza. Mwenzao, Adrien Niyonshuti, alishindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Kisha Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika.

Sisemi kuwa mdogo wangu angalifika huko. Nasema tu kwamba kule Rwanda alitokea mgeni akamtazama mwendeshaji; mimi, ndugu wa damu, niliona mkaa.