Wote na Jirani Mwenye Moto

Mji wa Wote u katika nchi ya Ukambani, kusini-mashariki mwa Machakos. Msafiri atokaye Machakos hupita Katumani, kisha hushika njia ya vilima na mabonde makavu, yenye miembe na michungwa, mpaka aufikie mji. Hapo ndipo palipo makao makuu ya Kaunti ya Makueni, pamoja na ofisi, mahakama, hospitali kubwa na soko.

Katika mambo yanayoamuliwa Wote, mojawapo ni moto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi kila kaunti kazi ya kuzima moto na kushughulikia maafa. Basi tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, moto ukizuka popote Makueni, toka vilima vya Mbooni hata Mtito Andei, wakuu walioko Wote ndio wenye kuulizwa.

Moto wa jikoni au wa duka ni jambo linalojulikana. Lakini Makueni ina jirani wa namna nyingine. Upande wa kusini hupita barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, yenye malori ya mafuta usiku na mchana. Karibu nayo, chini ya ardhi, hupita bomba la mafuta lililoanza kazi mwaka 1978, lenye urefu wa kilometa zipatazo 450. Mitambo ya kuyasukuma mafuta iko Mtito Andei, Makindu na Sultan Hamud. Bomba jipya, lenye upana wa inchi 20, lilianza kutumika mwaka 2018. Mkulima hulima na mbuzi hula majani, na petroli hupita chini yao bila kuonekana.

Yafaa kuijua tabia ya petroli. Ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiimwagia maji huelea juu yake na kuendelea kuwaka, tena huchukuliwa na maji hayo mpaka mahali pengine. Ndiyo sababu wazima moto hutumia povu, ambalo huifunika na kuizuilia hewa. Mvuke wake nao ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama moshi wa asubuhi bondeni, hata ulifikie jiko la makaa lililo mbali. Hapo moto hurudi nyuma mpaka kwenye mafuta yenyewe.

Wakenya wamekwisha kuyaona hayo kwa machozi. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli iliyovuja kutoka bomba iliingia mferejini, na huko pia walikufa watu wapatao 100. Makueni yenyewe ilionywa mwezi wa Mei 2015, mafuta ya bomba yalipoonekana katika mto wa Thange, upande wa Kibwezi. Maji ya kunywa na ya kumwagilia mashamba yaliharibika.

Nchi nyingine zina majirani wa kutisha zaidi. Huko Marekani, mji wa Richland umepakana na Hanford, mahali palipotengenezwa plutoni ya mabomu tangu mwaka 1944. Kazi hiyo ilikoma zamani, lakini taka zake zingali hapo; mji una kikosi chake cha zima moto, na Hanford ina chake. Na huko Ukraine, tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, wazima moto walikwenda mbio kama waendavyo kwenye moto wowote. Hawakuwa na mavazi ya kuwakinga na miale isiyoonekana kwa macho. Mwaka ule ule, wazima moto na wafanyakazi wa kinu 28 walikufa kwa ugonjwa wa miale hiyo.

Petroli si nyuklia, lakini funzo ni moja: mtu wa kwanza kuufikia moto hana budi kujua kinachowaka. Mataifa yameipa petroli namba 1203, iandikwe kwenye lori, ili mzima moto aisome kwa mbali kabla hajakaribia.

Na mtu wa kwanza huyo ni nani katika Makueni? Toka Wote hata Makindu ni zaidi ya kilometa 60. Hata Mtito Andei ni zaidi ya 100. Motokaa ya kuzima moto, ijapokwenda kasi namna gani, haiwezi kufika katika dakika kumi za kwanza, nazo ndizo zinazoamua nani atapona. Wazee walisema kweli: fimbo ya mbali haiui nyoka. Tena mito ya Ukambani hukauka kwa miezi mingi, na maji hufukuliwa mchangani. Gari likifika na tangi likaisha, litajazwa wapi?

Kwa hiyo kazi ya Wote haiishi katika kununua magari. Yapasa kila kijiji kilicho kando ya bomba kiambiwe, katika baraza la chifu na shuleni, mambo machache: ukisikia harufu ya petroli, zima jiko, usiwashe pikipiki, ondoka kwa kuuelekea upepo na kukaa mbali na bonde, zuia watu wasichote, piga simu 999 au 112. Mwenye bomba naye aseme upesi linapovuja, maana kijiji kisichoambiwa hakiwezi kujiokoa. Lita ishirini za petroli huuzwa kwa fedha kidogo, na wengi walizifuata Sachangwan wasirudi nyumbani.