Tundu Lisilouma
Binti yetu alikuwa akicheza ufukweni Mikindani kama watoto wenzake, na ndiyo maana tulikataa kuamini. Kikohozi chake cha mara kwa mara tulikidhania baridi ya kusi. Jirani alituletea hirizi, tulishukuru, hatukuivaa. Siku daktari aliposikia mvumo usio wa kawaida kifuani mwake, aliagiza kipimo cha eko, kikaonesha tundu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo.

Matundu madogo, tulielezwa, huweza kuziba yenyewe utotoni. La kwake lilikuwa kubwa: damu ilipita kutoka kushoto kwenda kulia, ikiulemea upande wa kulia wa moyo, na mapafu pia. Mtu huweza kuishi nalo miaka 30 bila kujua, kisha moyo ukachoka. Hapo ndipo palipotutesa. Tumkabidhi mtoto anayecheka mikononi mwa matabibu?

Mzee mmoja wa msikitini, asiye na maneno mengi, alituuliza tu kama amana husubiriwa ilie ndipo itunzwe.

Tulipanda basi, zaidi ya kilomita 500, hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Kabla haijaanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa namna hii walipelekwa India. Kifua hakikupasuliwa: kizibo kilichokunjwa kilipitishwa katika mshipa wa pajani hadi moyoni, kikafunguka kama mwavuli. Aliandikiwa aspirini kwa miezi 6, hadi utando wa moyo uote juu yake.

Bibi yake angali akimfokea kila akikimbia.