Safari ya kupiga mbizi: mpimie asiyezoea maji

Katika nyumba nyingi za Mwanza, mume na mke hawakuyajua maji kwa njia moja. Mmoja amekulia Ukerewe au Kome, ambako mtoto hupanda mtumbwi kwenda kumsalimia bibi yake. Mwingine amekuja mjini akiwa mtu mzima kutoka Shinyanga au Tabora, na maji mengi aliyoyazoea ni ya lambo la ng'ombe. Wote huliona ziwa kila siku wakipita Kirumba au Kamanga, lakini kila mmoja huliona kwa jicho lake.

Tofauti hiyo haisumbui mpaka siku ya kupanga mapumziko. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanandoa fulani wa Nyegezi, wazazi wa watoto wawili, waliotaka kusherehekea miaka kumi ya ndoa yao baharini. Mke ndiye mzoefu. Alikulia kisiwani, na alipokuwa akifanya kazi Unguja alijifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa hadi akapata cheti. Mume anaogelea kwa kubahatisha. Mke akachagua Pemba, kwa sababu ya kuta za matumbawe zinazoshuka wima hadi kilindini. Mume alipoulizwa akajibu, "Sawa tu, mama watoto."

Siku chache baadaye, wakiwa mezani, mume akauliza kwa utani, "Sasa tukizama wote wawili, watoto watabaki na nani?" Akacheka. Mke hakucheka. Usiku huo, watoto walipolala, alimuuliza tena taratibu, ndipo mume akaeleza jambo ambalo hakuwahi kulitaja kwa miaka yote kumi: shangazi yake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996. Tangu hapo hata kivuko cha kwenda Sengerema alikipanda akiwa ameshika nguzo.

Kanda ya Ziwa ina familia nyingi za namna hiyo. Baada ya MV Bukoba ikaja MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018. Kwa hiyo mwenzako anaposema "sawa tu" kuhusu safari ya maji, bado hajajibu. Huenda anakuheshimu, huenda anaona haya, na mwanamume huona haya zaidi pale mkewe anapomzidi.

Mke hakuifuta safari. Aliipima upya, safari hii kwa kipimo cha mumewe.

Kwanza, mazoezi. Ziwa Victoria si mahali pa kumfundishia mtu kupiga mbizi. Maji yake karibu na mji yana ukungu wa kijani, kwenye kingo kuna hatari ya kichocho, na baadhi ya maeneo yana mamba. Walikwenda kwenye bwawa la hoteli, sehemu ambayo mume aliweza kusimama. Akajifunza kuvaa miwani ya majini, kupumulia mrija uso ukiwa ndani ya maji, na kuelea bila kupapatika. Asubuhi moja, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi, walipanda boti hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, mwendo wa dakika chache tu kutoka mjini. Wote walivaa majaketi ya kujiokolea. Mume alirudi akiwa ameachia nguzo.

Pili, mahali. Pemba ina uzuri wake, lakini sehemu zake nyingi zinazosifiwa zina kina kirefu na mikondo yenye nguvu. Kwa anayeanza, miamba ya maji mafupi inayozunguka Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, inafaa zaidi. Mafia nako kuna Ghuba ya Chole iliyokingwa, ingawa kwenye milango yake ya kuingilia bahari maji hukimbia sana. Jina la kisiwa peke yake halitoshi. Uliza mtapiga mbizi sehemu gani, kina chake ni mita ngapi, na siku hiyo ni bamvua au maji mafu. Wakati wa bamvua mikondo huwa mikali zaidi.

Tatu, hatua. Mtu asiye na cheti anaweza kujaribu akiwa na mkufunzi, bila kuvuka mita 12. Mwenye cheti cha kwanza huishia mita 18. Kabla ya hapo hujaza fomu ya afya, na hapa mwenzi asimsaidie mwenzake kuficha pumu, ujauzito, ugonjwa wa moyo au tatizo la masikio. Ukifika mita 10 tu, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu, hivyo masikio husawazishwa mapema na kwa upole, na pumzi haizuiliwi hata mara moja wakati wa kupanda.

Wapiga mbizi wana kanuni moja inayofaa hata nyumbani. Yeyote anaweza kuisitisha safari wakati wowote, bila kutoa sababu, na hakuna atakayemlaumu. Kule chini dole gumba likielekezwa juu halimaanishi "poa" kama mtaani. Linamaanisha "tupande", na wote hupanda.

Huko Mnemba, siku ya kwanza mume alielea juu na mrija wake. Siku ya pili alishuka mita sita na mkufunzi. Siku ya tatu akasema imetosha. Akabaki kwenye boti na chai yake, mke akaenda kuzamia na kundi la wazoefu. Hakuna aliyeambiwa amemharibia mwenzake safari.

Limebaki la kurudi nyumbani. Baada ya kuzamia mara kadhaa, mtu husubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na wengi hupendekeza siku nzima. Mwenye kusafiri kwa basi asidhani limemwepuka. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Dodoma na Singida hupanda juu zaidi ya hapo. Gesi iliyobaki mwilini haijui kama umekata tiketi ya basi au ya ndege.

Na lile swali la mezani lipewe jibu kabla ya kulipia. Watoto wanabaki na nani, namba za simu za nani zimeandikwa wapi, na ni lini mama na baba watashuka pamoja, ni lini kwa zamu. Wanandoa hawa waliamua kwamba wakati wote mmoja wao atakuwa juu, simu ikiwa karibu. Bibi aliyebaki na wajukuu alilipenda jambo hilo kuliko picha zote za samaki.