Kijiti cha Giaboksi

Mwalimu wangu wa ufundi, niliyemwita Mzee, amefariki. Nami nastaafu mwaka huu, na kabla sijagawa spana zangu nataka jambo moja liandikwe jinsi alivyolifundisha.

Nilizaliwa Birere, mtaa wa Goma. Utotoni nilisukuma chukudu, yaani baiskeli za mbao za mizigo, zilizobeba makaa; karo ikashindikana, nikaingia gereji. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 17, 2002, na lava kukata mji wa Goma, nilikuwa nimeshakuwa fundi. Tuliendelea kutengeneza magari juu ya mawe makali na vumbi jeusi.

Mengi yalikuwa Toyota zilizokwisha kutumika Japani. Joto la miaka mingi hukakamaza kipete cha mpira kinachobana kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Kijiti kikilegea, mawe yetu hukirusha juu; mafuta mekundu humwagika, na yakigusa bomba la moshi lenye moto yanaweza kuwaka.

Fundi mmoja jirani alikuwa akipaka silikoni kwenye mdomo wa bomba la kijiti. Wateja walimpenda, kwani gari liliondoka upesi. Siku moja Mzee alimwambia mbele ya watu: "Ndugu yangu, mgonjwa anatapika, wewe unamziba mdomo." Jirani akajibu: "Mzee, mteja anataka gari, hataki masomo." Hawakupatana tena, na mimi hadi leo nasimama na Mzee.

Mzee alianza kwa kupima: gari mahali tambarare, giaboksi imepata moto, injini inanguruma, gia zote zimepitishwa kisha kurudishwa P. Mafuta yakizidi alama, vyuma vinavyozunguka huyapiga yakawa povu, na povu hupanda bomba. Kisha alitafuta tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi. Tope likiliziba, hewa ya moto hukosa njia na kukisukuma kijiti. Hayo yakishatengenezwa ndipo alipogusa mpira: alitafuta kipete cha kipimo kilekile, kinachostahimili mafuta. Kikikosekana, alikata ukanda mwembamba wa tyubu ya tairi, akauvingirisha chini ya kichwa cha kijiti, akakifunga kwa waya kwenye bomba lake. "Hii ikufikishe Sake na kukurudisha," alimwambia dereva. "Kesho lete mpira wenyewe." Alijua kwamba mpira wa tyubu ukilowa mafuta huvimba na kulainika.

Ile silikoni ya jirani nimeiona mwisho wake. Tulishusha sampo ya teksi moja iliyokuwa inateleza gia, tukakuta vipande vyake vimeganda kwenye chujio. Mwenye teksi alilipia giaboksi nzima kwa sababu ya kipete kinachotosha kwenye ncha ya kidole.

Vijana wangu, najua Toyota nyingi za sasa hazina kijiti. Mafuta hupimwa kwa kufungua plagi. Msidhani somo limepitwa. Mafuta yakizidi yatatoa povu vilevile, na tundu la hewa likiziba presha itatafuta pa kutokea, hata kama ni kwenye sili. Waya na tyubu ni vya kumfikisha mtu nyumbani. Anayevikabidhi kama kazi iliyokwisha anamwibia mteja. Kabla ya kukaza kilicholegea, pima mafuta, zibua tundu la hewa. Dereva akikataa kusubiri, mrudishie funguo zake aende.