Ponti ya mbele ilipovuja

Mama wenzangu, wiki hii sitaandika juu ya malaria wala juu ya karo. Nitaandika juu ya mafuta yaliyokuwa yanadondoka chini ya gari letu. Tuliyalipia mara mbili, na mara zote mbili yakarudi kudondoka. Ninajua kuna vikundi vingine vya wamama huku kwetu vinavyokodi gari, au vinavyofikiri kununua lao, kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya zamani, ya aina ile ile inayotumiwa na hospitali na mashirika. Tulilinunua kwa kuunganisha masanduku ya AVEC zetu. Siku za kawaida linabeba mawese, karanga na mchele kutoka Wamaza mpaka soko la Kasongo, na likirudi linaleta chumvi, sabuni na vitenge. Lakini kila mama anayesoma hapa anajua kazi yake nyingine. Muuguzi akiandika karatasi ya kumpeleka mwenye uchungu hospitalini, ile karatasi haina miguu. Kasongo ilisifiwa mpaka ng'ambo tangu miaka ya 1970 kwa mpango wake wa afya: vituo vidogo karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wale waliozidi nguvu ya kituo. Ni mpango mzuri. Ila katikati ya kituo na hospitali kuna njia, na njia yetu mnaijua. Mvua zikianza mwezi wa 9, matope hayaulizi kama uliyembeba ni mgonjwa au ni bidoni za mawese.

Sasa ponti ni nini? Chungulia chini ya gari, katikati ya magurudumu mawili ya mbele. Utaona chuma cha mviringo, kama sufuria mbili zilizofunikana. Mafundi wetu wanakiita ponti, na wale wa Tanzania wanasema difu. Ndani kuna meno ya chuma. Yanapokea nguvu ya injini kupitia mti wa chuma unaozunguka, kardani, halafu yanaigawa kwa gurudumu la kushoto na la kuume. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea mbali kuliko la ndani, na meno hayo ndiyo yanayoyaruhusu yasivutane. Yote yanaogelea katika mafuta mazito, karibu lita 3, yenye harufu kali ya kiberiti. Ukishaisikia harufu hiyo mara moja, hutaichanganya tena na ya mafuta ya injini. Mimi sasa ninaitambua nikiwa mlangoni.

Ponti ya mbele ina tabia ya mlinzi wa usiku: hutaona faida yake mpaka siku ya taabu. Wakati wa kiangazi shofa anafungua vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na ponti ya mbele inalala. Mvua zikija anavifunga, na ponti inaanza kazi. Ndiyo sababu uvujaji wetu ulituchezea. Ulionekana wakati wa mvua, ukanyamaza mwezi wa 6, na watu wakasema gari limepona. Chuma hakiponi, jamani. Kilikuwa kimelala.

Mafuta yalikuwa yanatoka puani mwa ponti, pale kardani inapoingia. Pale pana pete ya mpira ambayo mafundi wanaiita spi, na kazi yake ni kuyazuia mafuta yasifuate ule mti unaozunguka. Fundi wa kwanza alitoa spi ya zamani, akatia mpya, akachukua pesa yake. Safari chache za matope, pua ikalowa tena. Akarudia, tukalipa tena, ikalowa tena. Baada ya hapo shauri lake likawa tuongeze mafuta kila juma tu, maana gari zote za zamani zinavuja.

Katika mkutano maneno yalikuwa makali. Wengine walitaka tuuze gari tugawane pesa kabla halijafa. Wengine walikubali shauri la kuongeza mafuta, kwa kuwa bidoni moja ni rahisi kuliko fundi. Kuna pia aliyesema, na hakuwa mwanaume, kwamba mambo ya chini ya gari tuwaachie waume zetu. Mama anayesimamia usafiri wa wajawazito hakubishana naye. Aliuliza tu: mafuta yakiisha njiani usiku, itakuwaje? Shofa akajibu bila kupaka asali. Meno yanasugua makavu, yanapata moto, yanakatika, na kipande kimoja kikikwama kati ya mengine, magurudumu ya mbele yanaweza kugoma kuzunguka papo hapo. Usiku, katikati ya matope, na mama ndani. Tukanyamaza kidogo, halafu tukapiga kura. Waliotaka fundi mwingine wakashinda, si kwa wingi mkubwa.

Fundi wa pili ni mzee. Hakulala chini ya gari mara moja. Aliuliza kwanza: linavuja siku gani zaidi, likiwa limetulia au likitoka safari? Likitoka safari, tukasema, tena likiwa limevuka maji. Ndipo akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: ponti hii inapumulia wapi?

Hapa wamama walielewa upesi kuliko shofa. Nani kati yetu hajaona bidoni ya mawese iliyofungwa sana ikiachwa juani? Inavimba, na mafuta yanajipenyeza kwenye kifuniko. Ponti ikifanya kazi inapata moto, na hewa iliyo ndani inapanuka. Kwa hiyo wenye kuitengeneza wameipa tundu dogo la kupumulia juu yake, lenye kikofia. Tundu letu lilikuwa limezibwa na udongo mkavu, mgumu kama tofali. Hewa ilikosa njia ya juu, ikayasukuma mafuta kupitia spi. Hata ungetia spi kumi, zote zingeshindwa. Na kuna ubaya wa upande wa pili: ponti yenye moto ikiingia ghafula katika maji ya baridi ya mto, hewa ya ndani inajikunja, na ponti inanyonya maji kupitia penye upenyo wowote.

Tulihakikisha siku ile ile. Kabla ya kufungua kizibo cha chini cha kumwagia mafuta, mzee alifungua kwanza kile cha juu cha kujazia. Nilimuuliza sababu. Akacheka: ukimwaga kwanza, halafu cha juu kikakataa kufunguka, utabaki na gari lisilo na mafuta na huna pa kuyatilia. Mafuta yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni rangi ya maji. Kizibo cha chini kina sumaku, na sumaku ilikuwa imevaa unga mweusi laini kama masizi ya sufuria. Unga ni uchakavu wa kawaida, alisema. Angeona vipande vinavyong'aa, vya kushikwa kwa vidole, angetuambia habari nyingine.

Halafu akafungua kardani, bolti nne, akaisogeza pembeni. Nyuma yake kuna nati kubwa moja. Kabla ya kuigusa aliweka alama ya rangi juu ya nati na juu ya mti wake, na alipoifungua alihesabu mizunguko, ili kuirudisha mahali pale pale. Nati hiyo haishiki tu, inapima. Ukiikaza kupita kiasi beringi zinabanwa na kuungua. Ukiilegeza meno yanacheza na kulia. Fundi anayekaza nati hiyo kwa nguvu zake zote ili kuonyesha ubavu, mwondoeni.

Akatupa kile chuma ambacho spi inakikumbatia, tukipitishe ukucha. Ukucha ulikwama. Miaka mingi ya kuzunguka na mchanga ilikuwa imechimba mfereji mwembamba, na kila spi mpya ilikaa juu ya mfereji ule ule. Kupata chuma kipya ni kuagiza Kindu au mbali zaidi na kungoja. Mzee aliigonga spi mpya kwa upole, sawasawa pande zote, lakini hakuizamisha mpaka mwisho. Aliiacha nje kidogo sana ili mdomo wake ukae juu ya chuma laini, kando ya mfereji. Mdomo wenyewe aliupaka grisi kwanza, usianze kuzunguka mkavu.

Tundu la kupumulia alilisafisha, akaondoa kikofia, akafunga mpira mwembamba mrefu na kuupandisha mpaka juu karibu na injini, mahali ambapo maji yakifika sisi sote tutakuwa tumekwisha kutoka garini. Kati ya kazi zote, hii ndiyo ilikuwa ya bei ndogo kabisa.

Akamimina mafuta mapya kidogo, akayamwaga ili yatoke na maji yaliyobaki, halafu akajaza ya kweli. Kipimo hakihitaji chombo: gari likiwa mahali tambarare, mafuta yakifika ukingo wa tundu la kujazia na kuanza kulia nje, yametosha. Vizibo vyote viwili alivitia pete mpya za shaba. Na ninawaomba msikubali mafuta ya injini yaliyotumika yatiwe ndani ya ponti, hata kama mtu anawaapia kwamba ni sawa. Meno ya ponti yanateleza yakisagana kwa uzito mkubwa, na mafuta yake yametengenezwa kwa kazi hiyo. Chupani tafuteni maandishi GL-5 na namba 80W-90 au 85W-90. Hata asiyejua kusoma anaweza kupewa alama hizo zimeandikwa kwenye karatasi akazilinganisha dukani.

Juu ya malipo: tulimpa nusu siku ya kazi, na nusu baada ya siku 15 za njia yenye matope. Mzee hakukasirika. Alisema fundi anayeijua kazi yake haogopi matope. Siku 15 zilipita, pua ilikuwa kavu yenye vumbi, na mweka hazina akamhesabia pesa yake mbele ya watu.

Nisiwafiche, kazi haijaisha. Nyuma ya gurudumu la kushoto la mbele kuna unyevu mweusi, mwepesi kama supu. Huko kuna spi nyingine, ya ndani, inayotenganisha mafuta ya ponti na grisi ya ule mpira wa chuma ambao gurudumu linageukia. Ikichoka, mafuta yanaingia kwenye grisi na kuiyeyusha, na yakizidi yanaweza kufika kwenye breki. Kuibadilisha ni kufungua gurudumu, breki na kila kitu mpaka ndani, kazi ya siku nzima au mbili, na mzee hataki kuifanya chini ya mvua na mchanga ukirukia beringi. Tumeiweka mwezi wa 7. Spi yenyewe imekwisha kununuliwa, iko katika sanduku la AVEC ndani ya nailoni.

Mpaka wakati huo, kila Jumamosi jioni, gari likiwa limepoa, mama mwenye zamu anapita na tochi na kipande cha boksi. Boksi linalazwa chini ya ponti mpaka asubuhi. Anatazama pua, anatazama nyuma ya gurudumu la kushoto, anautazama ule mpira wa juu kama haujakunjika, halafu anaandika katika daftari: kavu, unyevu, au matone na hesabu yake. Juma lililopita upande wa kushoto ulikuwa matone 4. Yakifika 10, gari halitapita mtelemko wowote na mgonjwa kabla ya mzee kuja, na shofa ameitia sahihi kanuni hiyo. Zamu ya Jumamosi ijayo ni ya wamama wa kikundi cha mchele. Tochi iko kwa mweka hazina. Betri waje nazo.